N moja ilivyonisumbua kupata karatasi za ukaazi Kampala

Mimi ni mtu wa Mombasa, mke wangu Muganda wa Masaka, na tunakaa Kampala. Mwanzo nilikuwa naishi kwa muhuri wa Busia tu, pale mpakani mwa Kenya na Uganda, sisi wa Afrika Mashariki tunapewa miezi sita, ikikaribia kwisha napanda basi la usiku nagongewa mwingine, mpaka siku moja afisa akapekua paspoti yangu yote akaniuliza, "Bwana, wewe unatembea au umehamia?" Nikacheka, lakini moyoni nikajua hii haiendi mbali.

Nikaamua kuomba ukaazi kupitia mke wangu, nikadhani ni kazi rahisi manake kwanjula, ile sherehe ya kimila ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba ukweni, tulishafanya. Nilivaa kanzu na koti, ssenga wa mke wangu, yaani shangazi yake, akanitoa mbele ya watu, video ipo. Wakili akaitazama kidogo akasema imependeza, sasa leta cheti. Kumbe ndoa ya kimila huandikishwa sabukaunti, ofisi ya serikali ya kata, ndani ya miezi sita na sisi tulishapitisha mwaka, basi tukaamua kufunga ya serikali pale URSB, ofisi ya usajili ya Uganda. Notisi inabandikwa siku 21, halafu mimi kama mgeni nikatakiwa kuonyesha karatasi ya kwetu kwamba sina mke mwingine, hiyo niliiomba Kenya kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Mama kusikia akanambia, "Wewe una uhakika lakini?"

Barua ya LC nayo, yaani baraza la mtaa. Chairman wetu muhuri anauweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na chaja ya simu, akaniuliza nimekaa mtaani miaka mingapi, na miaka yote hiyo bado ananiita Mukenya tu, jina langu akalijua siku anaandika barua. Interpol nilienda kutafuta cheti cha polisi cha tabia njema, nikaweka alama za vidole, hapo hapakuwa na maneno.

Tukaskani kila kitu tukatuma kwa mtandao wa uhamiaji. Wiki zikapita, jibu likaja: majina hayalingani. Tukakesha kutafuta kosa. Kijana wa kibanda cha fotokopi aliyetuchapia fomu za ndoa aliandika jina la ukoo la mke wangu kwa N mbili, na kusema kweli hajakosea, Kiganda chenyewe ndivyo kinavyoandikwa, ila kitambulisho chake kina N moja, na sisi tukasaini bila kusoma. Mke wangu akasema haya, hongera, umeapa huna mke mwingine na sasa unao wawili.

Ikabidi aape kwa wakili kwamba wote wawili ni yeye, afidaviti ikagongwa muhuri, tukarudisha faili upya. Safari hii nilisoma kila ukurasa herufi kwa herufi kwa sauti, yeye ameshika kitambulisho. Ikapita.

Wengine wananambia ningengoja nichukue uraia kabisa, Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010. Labda baadaye, kwa sasa faili nimezichoka.

Mama alipoambiwa imetoka, kitu cha kwanza alichouliza ni yule wa N mbili anakuja Mombasa lini.