Mtoto asiyesikia vizuri, msomee kitabu akiwa anakuona usoni

Akina mama wenzangu hapa Mtwara huwa wananiuliza, sasa mtoto hasikii, utamsomeaje kitabu? Jamani, huyo ndo wa kusomewa kuliko wote. Mtoto anayesikia anaokota maneno bure, yuko zake anachezea mchanga huku wakubwa wanapiga stori barazani na ye anadaka, kesho unamsikia anasema "ahadi" au "kisirani" na wala hujamfundisha. Wangu hapati hiyo nafasi. Ana mashine za kusikilizia masikio yote mawili, ila mashine zinasaidia ukiwa karibu na pakiwa kimya, ukienda umbali mara mbili ya pale ulipokuwa sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), weka na feni weka na redio ya jirani, hapo anabaki anaona midomo inacheza tu. Kwa hiyo maneno ambayo wenzie wanaokota, yeye lazima apelekewe, na mi sijaona kinachoyapeleka vizuri kama kitabu cha picha.

Ila kuna namna yake. Mtoto hawezi kuangalia picha na kuangalia mdomo wako au mikono yako kwa wakati mmoja, lazima achague kimoja. Ukianza kusema wakati macho yake yako kwenye picha, umesema peke yako. Kwa hiyo mfungulie ukurasa alafu nyamaza. Nyamaza kabisa, hata ukiona anachelewa, mwache aangalie mpaka atosheke, atainua macho mwenyewe akutafute usoni na hapo ndo useme na ufanye na alama ya neno hilo kwa mikono, ile lugha ya viziwi, kisha umrudishe kwenye picha kwa kidole. Picha, uso, picha. Kule Marekani chuo kikuu cha viziwi cha Gallaudet waliangalia watu wazima viziwi wanavyowasomea watoto viziwi, wakaandika kanuni 15, na mojawapo ni kwamba alama si lazima uifanyie kifuani kwako, unaweza kuifanyia palepale juu ya ukurasa au kwenye mwili wa mtoto. Hiyo naipenda sana. Tukifika kwenye paka anayenyata navitembeza vidole kuanzia kiganjani kwake polepole mpaka begani, anacheka, na sasa hivi kuku wa jirani akiingia uani ananiambia mwenyewe "ananyata".

Alafu kuna hivi vipande vidogo vya Kiswahili chetu, -me-, -li-, -ta-, havina mkazo na vinapita haraka, mwanangu alikuwa anadaka "kula" tu, atakula na amekula kwake vilikuwa kitu kimoja. Kwa mdomo mtupu tulihangaika. Kitabuni muda unaushika kwa mkono: embe zima, anakula, imebaki kokwa. Nafunika ukurasa wa mbele, namuuliza atafanya nini? Nafunua. Amefanya nini? Tunarudi nyuma, tunaenda mbele, hadithi ileile wiki nzima, mimi nimechoka ye hajachoka na wala simkatazi, maana kurudia ndo kunakofanya neno likae.

Vitabu madukani huku kwetu ni vichache na vingi vimejaa maandishi. African Storybook wana hadithi za Kiswahili mtandaoni bure kabisa, unapakua kwenye simu. Lakini anachokipenda zaidi ni tulichotengeneza wenyewe. Msimu wa korosho tulikuwa kwa bibi yake Newala, nikapiga picha kila hatua, anaokota bibo chini ya mkorosho, ananyonyoa korosho yake, bibi anaanika kwenye turubai, mvua inatishia na watu wote wanakimbilia turubai. Nikaprinti steshenari, nikabandika kwenye daftari kubwa, sentensi moja fupi chini ya kila picha. Kwenye ile ya mvua bibi kakunja uso, basi mtoto akaninyooshea, kwa nini? Tukakaa pale karibu jioni nzima na neno "wasiwasi", siyo hasira, ni wasiwasi korosho zitalowa. Neno kama hilo ungemfundishaje bila picha?

Wapo wanaosema usimfanyie alama hatoongea. Mi sikubaliani kabisa, Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili na kwetu vinaenda pamoja, neno analianza kwa mkono na baadaye mdomo unafuata. Bibi mwenyewe anamsomea lile daftari, hajui kusoma ila picha anazijua, ndo kazi yake mwenyewe, anaonyesha, anasubiri aangaliwe, anasema.

Kinachofuata ni kitabu cha feri ya Msangamkuu, kupanda, kushuka, baiskeli, ndoo za samaki. Picha tayari ziko kwenye simu, ila amekataa nisiprinti mpaka turudi tukampige picha yule mbuzi aliyegoma kupanda.