Visahani vitatu katika Bustani ya Jamhuri

Basi liliingia stendi ya Kange saa nane na robo mchana. Tulitoka Dar es Salaam asubuhi, Chalinze tukasimama dakika chache tu, pale Segera tukakata kulia, na tulipofika Muheza abiria wakanunua machungwa madirishani mpaka njia ya katikati ikajaa mifuko ya wavu. Na mimi nilinunua ya shangazi. Begi kubwa lilikuwa kwenye buti, ila dogo sikukubali liniondoke miguuni. Ndani yake mlikuwa na visahani vyangu vitatu.

Visahani hivyo ni vya mchezo. Kwa asiyeujua, ni gofu ya visahani, yaani gofu, ila badala ya fimbo na mpira unatumia mkono wako na kisahani cha plastiki chenye upana wa kama sentimita 21. Unakirusha, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo hapo, mpaka kiingie kwenye kapu la chuma lililoning'inizwa minyororo. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kapu hilo alilibuni Ed Headrick wa California katikati ya miaka ya 1970, na ndiye aliyepanga uwanja wa kwanza wa kudumu, mwaka 1975, ndani ya bustani ya umma inayoitwa Oak Grove. Kabla ya kapu watu walilenga nguzo na miti. Nami kwa kuwa kapu sina, nalenga miti.

Nilifundishwa na mwalimu mwenzangu aliyerudi kutoka masomoni Ufini, nchi ambayo mchezo huu umeenea sana. Aliponiachia visahani hivyo tukavipa majina yetu: cha mbali, cha kati na cha kumalizia. Cha mbali kina ukingo mpana uliochongoka, ukikirusha vizuri kinakata upepo kama mbayuwayu. Cha kumalizia kina ukingo mnene wa mviringo, kinakwenda taratibu na kinapoanguka hakitambai mbali. Ni plastiki tu, lakini mkononi kila kimoja kina tabia yake, na mtu anayevijua hawezi kuvichanganya hata gizani.

Shangazi anakaa Chumbageni. Nilimkuta barazani anachambua mchele, akanipokea kwa vigelegele, akanilisha mbaazi za nazi, kisha akaniuliza hivyo visahani nimemletea vya kulia nini. Nilipomweleza alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bustani ile watu wanapumzika, mwanangu. Ukifika, wasalimie kwanza wenye benchi zao."

Nilimtii. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliazima baiskeli ya binamu yangu, na Tanga baiskeli ndiyo miguu ya watu, nikateremka nayo hadi Bustani ya Jamhuri. Nadhani hakuna mahali mjini pazuri kuliko pale asubuhi. Unasimama juu, bandari iko chini yako, na katikati ya ghuba Kisiwa cha Toten kimejaa kijani mpaka majini. Nyuma yako si mbali ule mnara wa saa wa Wajerumani. Ilikuwa Julai, kusi limeshika, linapita juu ya nyasi kutoka upande wa mjini na kuteremka baharini.

Kwenye benchi walikuwepo wazee wawili. Niliwapa shikamoo, nikawaonyesha visahani, nikawaomba radhi kama nitawasumbua. Mmoja, mwenye kofia ya kiua, alikigeuza cha kati mara mbili, akakigonga kwa kucha, akanirudishia. "Tupa, mjukuu wangu. Usimpige mtu tu."

Nilichagua miti tisa, mwarobaini wa pembeni ukawa wa kwanza. Nilizunguka raundi nzima kwa raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuona kisahani kikikata kona hewani na kurudi pale pale alipokikusudia. Wakipita watu nilisubiri. Sheria ya mchezo yenyewe inasema usirushe mpaka uwe na hakika hakuna atakayedhurika, na hiyo kwangu ndiyo sheria ya kwanza, hesabu ya mirusho inakuja baadaye.

Raundi ya pili niliharibu kwenye mti wa sita. Nilikuwa nimeelekea mashariki, kusi likinipiga kutoka kulia. Mrushaji wa mkono wa kulia akirusha kwa nyuma ya mkono, kisahani kikiishiwa mwendo hupinda kushoto. Ongeza upepo unaosukuma kushoto, na juu ya hayo nimekirusha juu mno. Cha mbali, cha rangi ya chungwa, kilipanda, kikasita, kikajilaza ubavu, kikavuka ukingo wa bustani na kuzama upande wa bandarini. Nilikimbia hadi ukingoni nikachungulia. Vichaka na mteremko. Sikukiona.

Nilikuwa bado nachungulia niliposikia pikipiki. Askari wawili. Aliyeendesha alikuwa kijana. Aliyekaa nyuma alikuwa mtu mzima mwenye V tatu za sajenti, naye alishuka polepole kama mtu mwenye maumivu ya goti.

Kijana ndiye aliyefika kwanza. "Wewe, ndege nyuki iko wapi?"

Ndege nyuki ni drone, kijindege kisicho na rubani, lakini sikumwelewa. "Ndege nyuki gani, afande?"

"Uliyoirusha bandarini. Rimoti iko wapi?"

Alikuwa ameshanishika mkono juu ya kiwiko. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu fulani huko chini aliona kitu cha rangi ya chungwa kikitoka juu na kuingia upande wa bandari, akapiga simu. Ndege nyuki hairushwi nchini bila kibali, sembuse karibu na bandari. Na kwa aliyekiona kwa mbali, kitu kipana, kimetulia hewani, hakipigi mbawa wala hakidondoki kama jiwe, angesema ni nini kingine? Simlaumu mpiga simu hata leo.

Nilichokuwa na neno nacho ni ule mkono. Nikauliza kwa sauti ya kawaida, "Afande, nimekamatwa? Kwa kosa gani?"

"Utalijua mbele ya safari."

Moyo ulikuwa unanidunda, sitaficha. Lakini nafundisha watoto uraia, na siwezi kuwafundisha darasani jambo ambalo mimi mwenyewe nitalimeza nikiwa bustanini. Mtu akikamatwa anatakiwa aambiwe sababu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema hivyo, na sababu yenyewe ni ya kibinadamu kabla haijawa ya kisheria. Asiyejua kwa nini ameshikwa ataogopa, atakimbia au atapigana, na jambo dogo litakuwa kubwa. Nikamgeukia yule mtu mzima nikamwambia, "Mkuu, nitakwenda popote mnaponitaka. Naomba tu niambiwe nashukiwa nini, na niachiwe mkono, sina pa kukimbilia."

Sajenti alinitazama, akatazama baiskeli, begi, na wazee kwenye benchi. "Mwachie," akamwambia mwenzake. "Unashukiwa kurusha chombo bila kibali eneo la bandari. Fungua begi."

Nililifungua juu ya nyasi. Chupa ya maji, taulo, machungwa mawili, cha kati, cha kumalizia. Sajenti alichuchumaa akakichukua cha kati. Alikipima uzito kiganjani, akapitisha kidole gumba ukingoni mzunguko mzima, akakigeuza chini akitafuta mahali pa betri. Hapakuwa na mahali. Akakiinua usawa wa macho akasoma tarakimu nne zilizochapwa usoni mwake.

"Hizi namba za nini?"

"Ya kwanza ni kasi kinayohitaji ili kiruke vizuri. Ya pili kinaelea kiasi gani. Ya tatu kinapinda kiasi gani mwanzoni, ya nne kinarudi kiasi gani mwishoni."

"Bila mota?"

"Bila mota. Mkono na upepo tu."

Yule mzee wa kofia ya kiua alikuwa ameshafika na mkongojo wake. "Afande, kijana huyu ametusalimu, ametuomba ruhusa, na tangu asubuhi anatupa visahani vyake hajamgusa hata kunguru." Sajenti alimwamkia kwa adabu, akamsikiliza mpaka akamaliza. Hata hivyo alisema inabidi tufike kituoni, kwa sababu taarifa imeshaandikwa na lazima ifungwe. Hilo nililikubali.

Kituoni tulikaa kama saa nzima. Nyingi ya saa hiyo ilipita katika kutafuta neno. Koplo wa kaunta alikuwa na daftari kubwa, kalamu ikaning'inia juu ya mstari. "Niandike alikuwa anafanya nini?" Nikasema gofu ya visahani. Akasema gofu ni fimbo, mkuu wake akisoma atauliza fimbo ziko wapi. Kijana wa pikipiki akapendekeza "kurusha sahani", koplo akakataa, maana sahani zinarushwa na wagomvi nyumbani. Mwisho akaandika, kwa herufi nzuri sana za mtu aliyesoma zamani: *Mchezo wa kulenga miti kwa visahani vya plastiki, hauna mashine.* Maneno ya mwisho, "hauna mashine", akayapigia mstari. Nimekwishausoma mchezo huu ukielezwa kwa maelfu ya maneno, sijaona sentensi iliyounyoosha namna ile.

Simu yangu waliiomba waone kama nimepiga picha bandari. Niliwaonyesha mwenyewe, nikiishika mkononi. Picha ya mwisho ilikuwa ya machungwa ya Muheza.

Nilidhani yameisha, kumbe sajenti alitaka turudi bustanini. Alinisimamisha pale pale chini ya mti wa sita. "Ulisimama hapa, ukarusha kule." Akatembea hadi ukingoni kwa lile goti lake, akaniita. "Tazama hapo chini. Unaona nini?"

"Vichaka."

"Sogea huku."

Nilisogea hatua tatu kulia. Katikati ya vichaka kulikuwa na njia ya miguu, nyembamba, udongo wake umeng'aa kwa kukanyagwa. Tukiwa tumesimama, mwanamke mmoja alitokea chini akipanda na beseni kichwani, mtoto akimfuata nyuma. Walipita moja kwa moja chini ya mstari wa mrusho wangu.

Kisahani kile kina gramu 175. Kikitoka mkononi kinakwenda kasi kuliko baiskeli ya binamu yangu ikiteremka mlima, na ukingo wake umechongoka. Niliposimama pale asubuhi nilitazama kushoto na kulia, nikawa na hakika, nikarusha. Hakika yangu ilikuwa ya mtu asiyeujua mji. Ndege nyuki haikuwepo, na kunishika mkono kabla ya kuniuliza halikuwa jambo la haki, hayo nitayasema popote. Lakini mti wa sita ulikuwa kosa langu, na aliyenionyesha ni askari yule yule aliyekuja kunikamata.

Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa kidogo. "Bustani ni ya watu wote, cheza. Ila mti huu na huo unaofuata iache. Na siku ukija tena, pita kaunta kwanza utuambie, akipiga mtu simu tujue la kumjibu." Hakuniambia nikalipie kibali wala hakutaja hela yoyote.

Mchezo huu huko Marekani umekulia kwenye bustani za umma, viwanja vingi ni vya bure, na kapu la minyororo limeshakuwa sehemu ya bustani kama benchi. Askari akipita anaona kapu, anajua. Sisi tunaolenga miti hatuna kitu cha kututambulisha. Ndiyo maana nikirudi Tanga nataka niende kwa watu wa halmashauri na barua ya kuomba kapu moja tu, hata la kuchomelewa na mafundi wa Ngamiani kwa nondo na mnyororo wa baiskeli, liwekwe upande wa ndani, mbali na ukingo. Mafundi wa kuliweza wapo, nimewaona kazini kwao.

Tulikitafuta cha mbali nusu saa, mimi na yule askari kijana. Sajenti ndiye aliyemtuma anisindikize mteremkoni. Mwanzoni hakusema kitu. Kisha akaniuliza kama ni kweli watu wanashindana na kupewa zawadi, nikamwambia ni kweli, wapo wanaoishi kwa mchezo huo. Alipokuwa akipekua kichaka kwa rungu, aliniambia bila kugeuka, "Pale mwanzo nilikushika vibaya, kaka. Niliambiwa ni ndege nyuki." Nikamwambia yamepita. Kisahani hatukukiona. Nikaacha namba ya shangazi kaunta, koplo akaongeza mstari mmoja chini ya ile sentensi yake: *Kisahani kimoja, rangi ya chungwa, hakijapatikana.*

Siku mbili zilizobaki nilicheza miti saba kwa visahani viwili, asubuhi na jioni. Wazee wa benchi walishaanza kunihesabia mirusho, na yule wa kofia ya kiua alikuwa mkali wa hesabu kuliko mimi. Jumatatu nikapanda basi la asubuhi. Mkonge wa Pongwe ukapita dirishani mistari kwa mistari, begi dogo likiwa jepesi miguuni.

Wiki ya tatu shangazi alinipigia. Tuliulizana hali, akanieleza habari za mgonjwa wa jirani na bei ya nazi, ndipo akakumbuka. "Kuna askari kijana alikuja na pikipiki, nikashtuka, nikadhani kuna msiba. Kumbe kaleta kisahani chako, kimeokotwa na watu wa huko chini. Nimekiosha kwa maji ya moto. Kimeenea vizuri mdomoni mwa mtungi, nimeufunikia mpaka utakapokuja."