Laptopu mbili, ziwa moja: nilivyofanikiwa hapa Kigoma

Jana usiku imekubali, nashukuru Mungu. Laptopu yangu na ya binamu yangu zinaona mitumbwi ileile kwenye ziwa lileile, simulesheni (uvuvi wa kuigiza kwenye kompyuta) yake imeandikwa kwa lugha ya Java, yangu kwa Python.

Kuna kaka mmoja fundi alinambia achana na viwango vya kimataifa vya kuunganisha simulesheni, buni fomati yako mwenyewe ya kutumiana data. Wiki mbili zimepotea hivyo, maana nikigusa kitu kidogo tu huku, kwa binamu kunakufa. Ndo nikahamia DIS, kiwango cha simulesheni kutumiana habari kwenye mtandao, ile IEEE 1278, ipo tangu 1993 na laibrari ya Open-DIS ni bure. HLA, kiwango kingine cha kazi hiyohiyo, nayo nzuri ila inataka programu ya katikati, RTI, iratibu kila mtu, kwa mashine mbili nikaona mzigo.

Mitumbwi ya kwanza haikuonekana kabisa. Nikashuku rauta, nikanunua waya mpya elfu kumi na kitu, wapi! Kumbe natuma latitudo na longitudo wakati DIS inataka mita kuanzia kitovu cha dunia, kwa hiyo -4.88 na 29.63 za Kigoma zilisomwa kama mita na mitumbwi yote ikakaa huko katikati ya dunia. Nilipogeuza hesabu, X ikawa mita milioni tano na nusu hivi, Z hasi kwa vile tuko kusini ya ikweta, ikatokea palepale mbele ya Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma. Na urefu wa kwenda juu toka usawa wa bahari uweke, ziwa letu liko kama mita 770 juu ya bahari. Namba ziwe za biti 64, za 32 zinafanya mtumbwi uruke nusu mita nusu mita.

Kilichonitesa zaidi ni dagaa. Mitumbwi inaenda vizuri, inafika, inawasha taa, halafu sekunde 12 tu inafutika kwa binamu. Kila mara pale pale kwenye taa! Jioni moja nipo mwaloni naangalia wavuvi wanatoka ndo nikashtuka: anayevua dagaa kwa taa anatulia, na mimi natuma pakiti (ujumbe wa mtumbwi uko wapi) mtumbwi ukisogea tu. Kiwango kinasema hata ukitulia, kila sekunde 5 sema nipo, ukinyamaza mara 2.4 ya hapo wenzio wanakufuta. Nikaweka taima, mistari minne, basi.

Jana nimeacha mitumbwi 40 imewasha taa nikaenda kula ugali na migebuka, taratibu kabisa. Narudi, binamu anapiga simu: "Bado ipo yote, nimehesabu mara mbili."