Shikamoo, Mama Mwenye Nyumba

Jumapili, 3 Machi 2024. Segerea, usiku.

Ijumaa asubuhi, kabla sijatoka kitandani, simu ilileta ujumbe wa baba mwenye nyumba wangu: "Habari. Kodi yako imeisha jana. Andaa ya miezi sita, nitapita Jumatatu. Asante." Ujumbe wa namna hiyo haujibiki mtu akiwa bado na tongotongo. Nikauacha. Mchana kazini nikakumbuka kuwa na mimi nina mpangaji ambaye kodi yake imeisha siku hiyohiyo. Nikaufungua ule ujumbe, nikaunakili, "miezi sita" nikaifanya "mitatu", nikautuma Kivule. Hata ile "Asante" yake kavu niliiacha kama ilivyo.

Nina miaka kumi na moja ya kupanga Dar. Mbagala nilipandishiwa kodi kwa kosa la kununua friji. Buguruni tulikuwa tunafungiwa geti saa nne usiku, ukichelewa unalala kwa jirani. Nikawa nasema kila siku, ngoja na mimi nijenge, nitawaonyesha mwenye nyumba mwenye utu anafananaje. Mwezi wa tano mwaka jana zamu yangu ikafika: vyumba vinne kwenye kiwanja changu cha Kivule, kila kimoja masta, bati jipya, rangi ya maziwa. Mimi mwenyewe nikabaki hapa Segerea kwa sababu ya kazi na shule ya watoto. Kutoka Kivule alfajiri ni gari mbili na barabara ambayo mvua ikinyesha inageuka mto.

Hesabu niliipiga nyuma ya bahasha. Chumba elfu themanini mara nne, laki tatu na ishirini. Marejesho ya mkopo wa saccos, laki mbili na kumi. Inabaki laki na kumi kila mwezi, ya kwangu, nimelala. Ile bahasha bado ninayo. Huwa naitoa nikitaka kucheka.

Kwanza vyumba vilikaa wazi. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba Dar haiwezi kukosa watu. Watu wapo, ila wanamfuata dalali, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji. Wa kwangu alileta watu wanne ndani ya wiki mbili, nikamshukuru hadi nikamnunulia soda. Baada ya miezi minne chumba cha kati kikahama ghafla, akaleta mwingine, akala udalali mwingine. Baadaye ndiyo nikasikia kwamba yule aliyehama alihamishiwa na dalali huyohuyo kwenye nyumba mpya mtaa wa pili. Simlaumu sana. Mimi kipato changu kinatokana na mtu kukaa, chake kinatokana na mtu kuhama.

Lakini kilichonikondesha ni LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Nilivuta mita moja kwa vyumba vyote vinne kwa sababu pesa iliishia kwenye madirisha. Wapangaji wakakubaliana kununua kwa zamu, elfu kumi kila mmoja. Kwa bei yetu elfu kumi inatoa uniti 28. (Ile bei nafuu ya watumiaji wadogo inataka msizidi uniti 75 kwa mwezi, na kaya nne kwenye mita moja hazifiki hata katikati ya mwezi. Hilo mafundi hawakwambii unapojenga.) Mwenye pasi anamnung'unikia mwenye jagi la umeme, mwenye jagi anamnung'unikia kijana wa boda anayelala na redio. Hayo yote niliyategemea.

Nisichokitegemea ni tarehe mosi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na kuanzia Julai 2023 imekuwa 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Inakatwa unaponunua mara ya kwanza ndani ya mwezi. Maana yake anayeanza mwezi, elfu kumi yake inampa uniti 23 na vipande, halafu wenzake wanaofuata wanapata 28 safi. Wapangaji wangu wakaligundua hilo kabla yangu.

Septemba mosi, saa mbili usiku, simu ikaita. Alikuwa nesi wa chumba cha kwanza, ananiambia kwamba umeme umeisha tangu jana na hakuna anayenunua. Kesho yake nikaenda. Nikawakuta wote nje barazani jioni, tochi za simu zimewashwa, mita pale ukutani inamulika taa yake nyekundu, na hakuna anayeiangalia. Kila mtu anasema siyo zamu yake. Nikaanza kuhutubia, kwamba ni shilingi elfu moja mia tano tu, watu wazima mnakaa gizani kwa pesa ya chapati tatu. Nesi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Sawa mama. Ila hilo jengo ni la nani?"

Sikuwa na jibu, na mbaya zaidi swali lilikuwa langu. Ndilo ninalolisema hapa Segerea kila mwezi nikiangalia risiti ya LUKU, kwamba ninamlipia mzee wa watu kodi ya nyumba yake, na serikali ilishasema mpangaji arudishiwe. Hajawahi kunirudishia hata mia, na mimi sijawahi kumdai mbele ya macho yake. Naishia kumsema jikoni.

Tangu Oktoba, kila tarehe mosi usiku nanunua mwenyewe umeme wa elfu mbili kwenye mita ya Kivule. Inakatwa ile 1,500, inabaki mia tano, inatoa uniti 1.4. Namtumia nesi zile namba ndefu, anaziingiza, kisha zamu zinaanza upya. Ni uamuzi pekee tangu niwe mama mwenye nyumba ambao sijaujutia.

Halafu zikaja mvua za El Niño, na shimo la choo likajaa kabla ya mwaka kuisha. Fundi wangu alinihakikishia litachukua miaka mitano. Aliapa! Lakini kule kwetu maji yako juu. Mvua ikikolea shimo linajazwa kutoka chini, hata kama hakuna aliyekwenda chooni. Gari la kunyonya maji taka lilikula zaidi ya kodi ya chumba kizima ya mwezi, na kwa kuwa lilikwama mara moja njiani, niliwalipa na vijana wa kusukuma. Nikasimama pale na buti, harufu imetanda mtaa mzima, jirani amefunga madirisha, na bahasha yangu ya hesabu iko mkobani.

Sasa huyu mpangaji wa kodi iliyoisha. Ni mzee wa chumba cha mwisho, mvi kichwa kizima, fundi cherehani, anaishi na mjukuu wake. Chumba chake ndicho kisafi kuliko vyote. Novemba alichelewa wiki tatu, na nakiri hapa kwa sababu sijamwambia mtu: nilikwenda dukani kuulizia bei ya kufuli. Nilikuwa naijua tabia hiyo kwa upande wa pili, nimeshawahi kurudi kutoka kazini nikakuta kufuli la mtu kwenye mlango wangu. Nilikuwa nimeshalishika mkononi, najaribu ufunguo.

Nikapita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akauliza mkataba uko wapi. Hatukuandikiana, nilidhani ni kuwabana watu. Akacheka, akaniambia mlango wa mtu anayeishi ndani haufungwi na mwenye nyumba, tukishindwana twende Baraza la Kata. Nalo siku hizi linasuluhisha tu, wa kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ukienda bila karatasi mtabaki kuapiana. Siku hiyohiyo nikanunua fomu nne za mkataba steshenari. Mzee akalipa mwenyewe wiki iliyofuata, nusu kwanza, nusu baadaye.

Leo jioni amejibu ule ujumbe nilioutuma Ijumaa. Kwanza ilikuja elfu arobaini kwenye simu. Kisha maneno: "Shikamoo mama mwenye nyumba. Samahani sana kwa usumbufu. Nimetanguliza kidogo hicho. Naomba univumilie hadi tarehe 15, kuna pesa ya sare za shule naisubiri. Mungu akubariki."

Nimeusoma mara nyingi kuliko ulivyo mrefu. Nina miaka thelathini na sita. Huyu mzee anaweza kunizaa, mimi ndiye nilipaswa kumwamkia, na Ijumaa nilimwandikia "Habari". Nikaandika "marahaba", nikafuta. Nikaandika "shikamoo baba", nikaona itakuwa kama namdhihaki. Mwisho nikaandika: "Nimepokea baba, hamna shida. Msalimie mjukuu."

Kesho ni Jumatatu. Mzee wangu wa hapa atapita, na yeye bado sijamjibu. Miezi sita ni milioni moja na laki mbili, ninayo laki saba ukijumlisha hiyo arobaini. Nimemtumia laki saba. Kisha nikarudi kwenye ujumbe wa fundi cherehani, nikaunakili. Nikatoa "mama", nikaweka "baba". Nikatoa sare za shule, nikaweka mshahara. Tarehe 15 nikaifanya 28. Shikamoo nikaiacha palepale, nikatuma.