PHP 7.4, faini na neno "hakuna"

"Mwanangu, mfumo unafanya kazi. Unataka kugusa nini tena?" Mhasibu wa SACCOS yetu ya walimu aliniuliza hivyo mwezi uliopita, na sikuwa na jibu la haraka. Mfumo wa mikopo niliuandika mwenyewe mwaka 2019 kwa PHP 7, lugha ya kuandikia programu za wavuti. Haujawahi kukwama hata mwisho wa mwezi, makato ya mishahara yanapoingia.

Lakini PHP 7.4, toleo la mwisho la PHP 7, ilifikia ukomo tarehe 28 Novemba 2022. Tundu la usalama likigundulika leo, waundaji wa PHP hawalizibi tena kwenye toleo hilo. Na humo ndani mna namba za simu, mishahara na madeni ya walimu walioniamini. Jambo hilo lilikuwa likininyima usingizi.

Basi nikachukua nakala ya kanzidata, nikaiweka kwenye laptopu, nikawasha PHP 8.3. Kurasa nyingi zilifunguka vizuri. Ule wa wadaiwa wa faini ndio ulionitoa jasho: watu ambao hawajachelewesha rejesho hata moja walijaa kwenye orodha.

Ilinichukua jioni nzima kuona kisa. Tulipohamisha kumbukumbu kutoka Excel, asiye na faini aliandikiwa "hakuna". Mimi nikaandika `if ($faini == 0)`, yaani faini ikiwa sawa na sifuri, mruke. PHP 7 ikilinganisha neno na namba, huligeuza neno kuwa namba kwanza. "Hakuna" linakuwa sifuri, mtu anarukwa. PHP 8 ilibadilisha kanuni hiyo: "hakuna" si sawa na sifuri. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepatia kwa bahati tu.

Nikaogopa zaidi. Kama "hakuna" ni sifuri, je, maneno mengine? Nikapekua safu yote ya faini, nikakuta "elfu tano" mara mbili, imeandikwa kwa maneno. Faini hizo hazijawahi kudaiwa.

Nilimpelekea mhasibu karatasi. Akaisoma, akavua miwani. "Badilisha, mwanangu. Ila makato yaingie kwanza."

Tulihama Jumamosi iliyofuata makato. Safu ya faini sasa haipokei kitu ila tarakimu, na seva ya zamani nimeiacha iwake wiki mbili, ikiwa itabidi turudi.