Tulimupoteza

Jumanne, usiku

Leo mchana nimekaa na madaktari wanafunzi saba katika chumba kidogo nyuma ya wodi ya watoto. Mvua ya Bukavu ilikuwa inapiga mabati hadi ikabidi tusogeze viti karibu karibu ili tusikilizane. Somo: namna ya kuiambia familia kwamba mgonjwa wao amefariki. Tuliigiza: mimi nilikuwa mama wa mtoto aliyefariki. Mmoja wao, kijana mpole anayezijua dozi zote bila kufungua kitabu, alikuwa daktari wa zamu.

Akaanza kwa Kifaransa. Nikamkatiza: mama huyu anauza samaki wadogo wa sambaza sokoni Kadutu, sema naye Kiswahili. Akanyamaza. Ugonjwa ameusomea miaka yote kwa Kifaransa, na Kiswahili alicholelewa nacho hakikumpa sentensi hata moja ya kubebea kifo. Mwishowe akasema, huku anaangalia sakafu: "Mama, tulimupoteza mutoto."

Nikasimama, na sikuwa naigiza tena.

Sentensi hiyo niliwahi kuisema mimi, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika hospitali nyingine, saa tisa za usiku. Mtoto wa miaka mitatu, malaria iliyopanda kichwani, degedege, damu kidogo sana mwilini. Tulipopata damu ya kumwongeza alikuwa ameshachoka. Nikatoka kwenye korido nikamwambia mama yake tulimupoteza. Akaniangalia, akakaza kitenge kiunoni, akauliza: "Mulimupoteza wapi, dokta? Twende tumutafute." Akaanza kutembea. Mkononi alikuwa ameshika kandambili za mtoto, ndogo, za buluu, moja kamba yake imeshonwa kwa uzi. Alifika mlango wa wodi ya pili ndipo shangazi yake akamshika mkono, na ni shangazi aliyemwambia. Si mimi.

Kifaransa kinaruhusu kusema umempoteza mtu ukiwa na maana kwamba amekufa. Kwa mama wa saa tisa za usiku, kilichopotea kinatafutwa.

Basi leo nimewafundisha neno: amefariki. Lisipoingia, amekufa. Walilalamika kwamba ni neno kali. Najua. Ila nimesikia "hali imebadilika" na "Mungu amefanya mapenzi yake" zikimwacha baba anauliza ni dawa gani akanunue.

Tumepitia pia ule mpango wa hatua sita ambao Walter Baile, Robert Buckman na wenzao waliuchapisha mwaka 2000 kwa ajili ya madaktari wa saratani: tafuta mahali pa kuketi, uliza mtu anajua nini tayari, uliza anataka kuambiwa kiasi gani, ndipo utoe habari, pokea uchungu wake, kisha mpange yanayofuata. Ni mpango mzuri. Hatua ya tatu ndiyo ngumu kwetu, maana ukimuuliza mama anataka kujua kiasi gani, anamgeukia kaka yake. Nimewaambia wasimfukuze huyo kaka. Wampe kiti, ila macho yao yabaki kwa mama.

Na mama akianguka chini akalia, mtu asikimbie. Asimwambie nyamaza, unaamsha wagonjwa. Akae naye, hata kama ni chini.

Kuhusu deni la hospitali nilipandisha sauti, na sijutii. Daktari asitangaze kifo na kudai pesa katika pumzi moja. Hata kama ameagizwa.

Yule kijana aliomba kurudia. Safari hii alivuta kiti, akaketi hadi magoti yetu yakakaribiana, akaniuliza usiku ulikuwaje, nimeona nini. Nilimwambia nimeona wanambonyeza kifua. Akasema: "Ndiyo, Mama. Tulijaribu kumurudisha. Habari niliyo nayo ni mbaya sana." Akangoja kidogo. Akafungua mdomo, akaufunga, akageukia wenzake.

"Dokta, samahani. Ulituambia tumutaje mutoto kwa jina. Huyu hatukumupa jina."

Mvua ilikuwa imeanza kupungua. Nikawapa jina la yule mtoto wa kandambili za buluu, na tukaanza upya.