Erthi iliyopimwa ikaonekana nzima

Gari langu ni la zamani, la enzi zile ambazo taa zilitegemea swichi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na waya tu, bila kompyuta katikati. Tatizo lilikuwa taa za nyuma upande wa kushoto. Ukikanyaga breki, taa inawaka. Ukiwasha na indiketa, kila inapomweka taa ya breki inafifia, ikizima breki inang'aa tena. Usiku, na taa ndogo ikiwa imewashwa, zote tatu zilikuwa hafifu. Upande wa kulia ulikuwa salama kabisa.

Ushauri niliopata ulikuwa wa kubadilisha vitu: balbu, rilei ya indiketa, swichi ya breki. Sikununua chochote. Taa tatu zenye swichi tofauti zikiugua kwa pamoja, ugonjwa utafutwe pale zinapokutana, na hizi zilikutana kwenye erthi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi: waya mmoja mweusi unaotoka kwenye soketi za balbu na kufungwa kwa bolti kwenye bodi, ndani ya buti.

Fundi mmoja alikuwa ameshaupima waya huo kwa omu, yaani ukinzani wake, akapata chini ya 1, akasema ni mzima. Kipimo kile hakikudanganya, ila hakitoshi. Multimita, mita ya kupimia umeme, ikipima omu hupitisha mkondo mdogo mno, na mkondo huo hupita hata kwenye nyuzi chache za shaba zilizosalia ndani ya waya uliooza. Taa zenyewe zina njaa kubwa zaidi. Breki ni wati 21, indiketa 21, taa ndogo 5. Zikiwaka pamoja zinataka karibu ampea 4. Omu 0.7 tu njiani, mkondo ukiwa zaidi ya ampea 3, inameza volti 2 na ushei. Balbu inabaki na karibu 10. Kwa hiyo waya wa gari upimwe ukiwa kazini.

Kwanza nilipima betri: volti 12.6 gari likiwa limezimwa, sawa. Kisha nikaweka multimita kwenye volti za DC, nikaunganisha ncha nyeusi na hasi ya betri kwa waya mrefu uliofika mpaka kwenye buti, na kumwomba mwenzangu akanyage breki huku taa ndogo na indiketa zikiwa zimewashwa. Ncha nyekundu nikaigusisha kwenye chuma cha soketi ya balbu, upande wa erthi. Namba ikaruka na indiketa: ikimweka, 2.4. Hapo ilitakiwa isizidi 0.2.

Baada ya hapo ni kuisogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua kuelekea betri. Kwenye waya, karibu na tamino (kile kichwa cha chuma cha waya kinachofungwa kwa bolti), bado 2.4. Kwenye tamino yenyewe, 0.04. Kwenye chuma cha bodi, vivyo hivyo. Volti zote zilikuwa zinapotelea kwenye kipande kifupi kuliko kidole, pale waya unapoingia kwenye tamino.

Nilichomoa hasi ya betri, nikaufungua. Nje plastiki ilikuwa safi. Ndani kulikuwa na unga wa kijani, nyuzi nyingi zimekatika, chache zimeshikilia. Nilikata waya, nikauchuna, na shaba bado ilikuwa nyeusi. Nikakata tena mpaka nikafikia shaba inayong'aa. Kufunga tamino mpya juu ya shaba nyeusi ni kulirudisha tatizo lile lile. Nikaibana tamino kwa koleo lake, nikavisha mpira unaosinyaa kwa joto, nikakwangua rangi na kutu chini ya bolti, nikakaza, halafu nikapaka grisi juu kuzuia unyevu. Kipimo kile kile kikasoma 0.05, na taa ya breki ikatulia hata indiketa ikimweka.

Kwa kuwa waya mrefu ulikuwa tayari mkononi, nilizungukia erthi nyingine. Ya taa kubwa upande wa kulia ilisoma 0.5, kuifungua na kuisafisha kulitosha, haikuhitaji kukatwa. Ya injini niliipima starta ikizunguka, kati ya hasi ya betri na chuma cha injini: 0.15. Hiyo sikuigusa.